Jinsi ya kuipatia bonsai maji mwenye nyumba akiwa safarini

BONSAI si aina ya mti. Ni mti wa kawaida ambao umefanywa mdogo kwa kupogolewa matawi na mizizi na kutunzwa miaka mingi ndani ya chungu kifupi. Sanaa hiyo ilianzia China na kukomaa Japani, na siku hizi mitini pori, mawaridi ya jangwani na hata mibuyu midogo hukuzwa hivyo kwenye roshani na vibaraza vya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi.

Baadhi ya miti hiyo huishi kuliko wamiliki wake. Msonobari mmoja wa Japani, ulioanza kutunzwa chunguni mwaka 1625, ulinusurika bomu la atomiki mjini Hiroshima mwaka 1945, na tangu mwaka 1976 umehifadhiwa Washington, Marekani. Hata hivyo, mti uliovumilia hayo yote ungeweza kufa kwa siku chache tu za jua kali bila maji. Chungu chenye kina cha sentimita tano au sita hubeba udongo kidogo mno, nao huwa wa chengachenga ili maji yasituame na kuozesha mizizi. Wajapani wana msemo kwamba kujifunza kumwagilia huchukua miaka mitatu.

Kwa wakazi wa mijini hatari kubwa zaidi huja Desemba. Joto la Pwani huwa limepanda, familia imekwenda mkoani kwa sikukuu, na msaidizi wa nyumbani naye yuko likizo. Ndipo wengi hufikiria mtambo wa kumwagilia wenyewe.

Mtambo huo una sehemu chache: chanzo cha maji, chujio, kifaa cha saa kinachofungua na kufunga maji, mpira mkuu, na vipira vyembamba vinavyopeleka maji kwenye kila chungu. Kifaa cha saa kinachotumia betri kinafaa kuliko cha umeme wa ukutani, kwa sababu zinazojulikana na kila aliyewahi kukatikiwa na umeme.

Tatizo ambalo maelezo ya kwenye maboksi hayaligusi ni presha ya maji. Vifaa vingi vimetengenezwa kwa miji ambayo maji ya bomba hayakatiki. Nyumba nyingi za hapa hutegemea tangi lililoinuliwa, na kila mita moja ya kimo hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya baa. Tangi lililo mita tatu juu ya vyungu hutoa baa 0.3 tu. Vifaa vya saa ambavyo vali yake hufunguka kwa msaada wa presha ya maji yenyewe huweza kukataa kufunguka, au vibaya zaidi, kukataa kufunga. Katika nyumba ya tangi kinachofaa ni kile chenye koki inayozungushwa na mota ndogo, kwani hiyo hufanya kazi hata kwa presha ndogo kabisa. Swali hilo linapaswa kuulizwa dukani kabla ya bei.

Vidondoshi, yaani vipande vya plastiki vinavyoachia maji tone kwa tone, navyo hupimwa kiwandani kwa presha ya baa moja. Cha kawaida kilichoandikwa lita mbili kwa saa kitatoa kiasi cha lita moja na kidogo kikiwa kwenye baa 0.3. Njia ya uhakika ni kuweka kikombe chini ya kila kidondoshi, kufungua maji kwa dakika kumi, kisha kupima.

Kuna kasoro nyingine iliyojificha. Umwagiliaji wa matone ulibuniwa kwa ajili ya mashamba, ambako udongo laini husambaza maji pembeni. Katika udongo wa chenga tone hushuka moja kwa moja hadi kwenye tundu la chini, na upande wa pili wa chungu hubaki mkavu. Mwenye mti huona maji yakitoka chini akaridhika, huku nusu ya mizizi ikikauka. Kwa hiyo chungu kimoja kihitaji vidondoshi viwili au vitatu vilivyotawanywa, au presha ikitosha, kinyunyizio kidogo cha marashamarasha. Maji pia yagawanywe: dakika chache, mapumziko ya nusu saa, kisha dakika chache tena. Duru ya kwanza hulainisha udongo, ya pili ndiyo inayoingia.

Si miti yote inywe kwenye mpira mmoja. Mtini pori hupenda unyevu wa kila siku. Waridi la jangwani huhifadhi maji kwenye shina lake nene na huoza likinyweshwa mfululizo, na mbuyu uliopukutisha majani hauhitaji maji karibu kabisa. Hiyo miwili iachwe nje ya mtambo. Kwa safari ya wiki moja kivuli kinaitosha.

Akiba ya maji nayo ihesabiwe. Vyungu 20 vinavyopata nusu lita asubuhi na nusu lita jioni hutumia lita 20 kwa siku, sawa na lita 200 kwa siku kumi. Pipa la peke yake linafaa kuliko tangi la nyumba, maana mpira ukichomoka kitakachomwagika ni pipa, si maji ya familia nzima. Lakini pipa linapopungua presha nayo hushuka, hivyo vipimo vya kikombe vichukuliwe likiwa limebakiza robo.

Maji ya visima vya Pwani mara nyingi yana chumvi, ambayo huziba vidondoshi na kujikusanya udongoni. Penye uwezekano, pipa lijazwe maji ya mvua. Liwe na mfuniko, kwa ajili ya mbu na mwani.

Mtambo wote ufungwe wiki mbili kabla ya safari na kuachwa ufanye kazi mwenye nyumba akiwapo. Kila jioni kijiti kikavu kichomekwe katika pembe mbili za chungu: kikitoka kikavu, dakika ziongezwe, udongo ukinuka uvundo, zipunguzwe. Betri mpya iwekwe siku ya kuondoka.