Rangi Tatu Zilizopandishwa Kololo

Walimu wengi wanaofundisha kuchora mabango huanza na picha, na rangi huja baadaye kama nguo ya kusitiri. Sisi twaona kwamba mpangilio na rangi havina budi kutangulia, maana bango husomwa na mpita njia aliye mbali, tena mwenye haraka. Mfano wa kazi hiyo tunao karibu: bendera ya Uganda, ambayo umbo lake la kwanza lilikataliwa kabla ya uhuru.

Mchoro huo wa kwanza ulitolewa na serikali ya Democratic Party, chama cha Benedicto Kiwanuka. Ulikuwa na mistari ya wima, kijani, buluu na kijani tena, iliyotengwa kwa mistari myembamba ya manjano. Katikati alisimama korongo mwenye kishungi, umbo tupu la manjano. Kwa jicho la fundi haukuwa mchoro mbaya. Kijani na buluu zikigusana huelekea kuonekana kwa mbali kama rangi moja, na yale manjano membamba ndiyo yaliyozitenga. Lakini katika uchaguzi wa tarehe 25 Aprili 1962 chama hicho kilishindwa. Uganda People's Congress cha Milton Obote, kikishirikiana na Kabaka Yekka, kikashika serikali, na mchoro ukaondoka pamoja na wenyewe.

Bendera mpya ilibuniwa na Grace Ibingira, aliyekuwa Waziri wa Sheria. Mwanasheria, si mchoraji. Rangi za chama chake zilikuwa nyeusi, nyekundu na buluu, zote nzito. Katika bendera ya taifa buluu ikatoka, manjano yakaingia, na hapo ndipo mwanga ulipopatikana. Nyeusi ikawa watu wa Afrika, manjano jua, nyekundu udugu wa damu. Mistari ikalazwa, kisha zile tatu zikarudiwa, ikawa sita.

Kurudia huko kulizaa shida moja, nayo ndiyo inayotupendeza zaidi. Nyekundu ya juu hukutana na nyeusi ya chini katikati kabisa ya bendera, bila manjano ya kuzitenga. Hapo ndipo lilipo duara jeupe. Korongo naye amerudishiwa rangi zake za asili, ambazo juu ya mistari zingepotea. Anautazama mlingoti, mguu mmoja ameuinua kwa ishara ya kwenda mbele. Ndege huyu alikuwa tayari alama ya askari wa Uganda zama za ukoloni, wala hakuwa wa ufalme mmoja. Lau angechaguliwa simba, Bunyoro au Ankole wangeuliza kwa nini taifa zima lifunikwe kwa mnyama aliye katika nembo ya Buganda.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 bendera hiyo ilipandishwa Kololo, mjini Kampala.

Majirani nao walikabili maswali yayo hayo. Kenya, mwaka 1963, iliongeza mistari myembamba myeupe kati ya nyeusi, nyekundu na kijani za KANU. Tanganyika na Zanzibar, mwaka 1964, ziliupitisha mstari mweusi kwa mshazari, kijani upande mmoja na buluu upande wa pili, ili asiwepo wa kukaa juu ya mwenzake. Kwa maoni yetu huo ndio mpangilio wa busara kuliko yote katika Afrika Mashariki.

Ibingira mwenyewe hakuifaidi sana kazi yake. Tarehe 22 Februari 1966 alikamatwa pamoja na mawaziri wenzake wanne, wakiwa katika mkutano wa baraza la mawaziri, akawa kizuizini hadi 1971. Miaka yote hiyo bendera aliyoibuni ilipepea. Serikali zikapinduliwa mwaka 1971, 1979 na 1985, na hapana iliyoigusa mistari ile.

Anayetaka kuitumia darasani akate vipande vya karatasi vya rangi hizo tatu, avibandike ubaoni kwa utaratibu wa Ibingira, kisha ayapeleke manjano pembeni, nyeusi na nyekundu zigusane. Wanafunzi wa dawati la nyuma waulizwe wanaona mistari mingapi.