Mbung'o wa Old Shinyanga na ngazi isiyokuwapo

Katikati ya miaka ya 1940, katika kituo cha utafiti wa mbung'o cha Old Shinyanga, mtaalamu wa wadudu F. L. Vanderplank alifanya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa sekondari wa Kanda ya Ziwa angestahili kulijua. Porini kulikuwa na mbung'o wa hapo hapo, Glossina swynnertoni, aliyeuzoea ukame na miiba ya Usukuma. Vanderplank akaleta kwa wingi pupa wa jamaa yake, Glossina morsitans, aliyeenea katika miombo ya sehemu kubwa ya Afrika. Maabara ilikuwa imekwisha kumwonyesha kwamba aina hizo mbili hupandana, ila uzao wao ni haba na watoto wengi huwa tasa. Wageni walipozidi porini, wenyeji walipandana nao bila kupata kizazi, wakaisha karibu wote.

Kilichofuata ndicho kinachonishika zaidi. Wageni walioshinda hawakuirithi nchi. Pori lile lilikuwa kame kupita uwezo wao, nao wakapungua hadi wakatoweka. Sasa, kati ya mbung'o hao wawili, yupi alikuwa bora? Swali hilo halijibiki mpaka kwanza useme bora wapi, na bora kwa lipi.

Hapo ndipo ulipo mgogoro mkubwa wa karne mbili katika elimu ya mageuko ya viumbe: je, uhai unapanda kwenda juu, au unabadilika tu kulingana na mahali ulipo? Watu wengi hudhani mgogoro huo ni wa vyuo vya Ulaya. Shinyanga na Geita zimo ndani yake kwa kina, zikiwa mahali pa ushahidi na pia mahali palipolipa gharama.

Jina la mbung'o yule mwenyeji latokana na Charles Francis Massy Swynnerton. Mwaka 1919 alipewa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, na miaka kumi baadaye akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, kazi aliyoifanya hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kabla ya mbung'o alikuwa mtu wa vipepeo. Akiwa mkulima Rhodesia ya Kusini, alitumia miaka kuwalisha ndege vipepeo wa kila aina, akiandika yupi amemezwa na yupi ametemwa. Alitaka kupima kama uteuzi wa asili unaweza kueleza kwa nini kipepeo mtamu huvaa rangi za kipepeo mchungu. Katika kazi ya namna hiyo hamna juu wala chini. Kipepeo anayemwiga mwenzake hajapanda daraja. Ameponea mdomo wa ndege, basi.

Fikra ya ngazi ya uhai ilitoka kwingine. Wanafalsafa wa kale wa Ulaya waliwapanga viumbe kwa vyeo, kuanzia jiwe na mmea hadi mtu na malaika. Lamarck, mwaka 1809, akaifanya ngazi hiyo itembee: viumbe husukumwa kutoka hali nyepesi kwenda hali ngumu zaidi. Darwin alipochapisha kitabu chake mwaka 1859 alileta jambo tofauti kabisa. Viumbe huzaliwa wakitofautiana, wanaofaa zaidi mahali pao huacha watoto wengi zaidi, na sifa zao huenea. Alijiandikia hata onyo pembeni mwa kitabu cha mtu mwingine, kwamba asiwaite viumbe wa juu au wa chini. Lakini onyo hilo hakulishika siku zote, na katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu aliyapanga mataifa ya watu kwa namna inayouma kuisoma leo. Herbert Spencer hakuwa na wasiwasi wowote: kwake mageuko na maendeleo vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1877 Mmarekani Lewis Henry Morgan akaigawa historia ya wanadamu wote katika ngazi tatu, ushenzi, ubarbari na ustaarabu, kana kwamba kila kabila linapita barabara moja na tofauti ni nani amechelewa.

Kutoka hapo hadi Shinyanga si mbali. Mkataba wa Shirikisho la Mataifa wa mwaka 1919 uliyapanga maeneo yaliyonyang'anywa Ujerumani na Uturuki katika madaraja A, B na C, kwa kigezo cha kiwango cha maendeleo ya watu wake. Tanganyika iliwekwa B. Watu wa Usukuma na Uzinza wakawa, kwa karatasi, watu ambao hawajafika.

Mwaka 1929 Julian Huxley, mwanabiolojia wa Uingereza, alizunguka Afrika Mashariki kwa kazi ya kamati ya elimu ya Wizara ya Makoloni, akishauri jinsi biolojia ifundishwe kwa Waafrika. Kitabu cha safari yake kilitoka mwaka 1931. Huyu ndiye aliyeitetea kuliko wenzake wote wa karne ya 20 hoja kwamba maendeleo ni jambo halisi katika mageuko, na kwamba binadamu ndiye kiumbe pekee aliyebaki na njia ya kusonga mbele. Kitabu chake kikubwa cha 1942 kinamalizia kwa mada hiyo, na mwaka 1946 akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO. Hakuwa mtu katili, na aliukanusha ubaguzi wa Wanazi waziwazi. Lakini fikra ya kwamba uhai una mwelekeo mmoja, na kwamba kuna wataalamu wanaoujua, ilikuwa tayari imeshika mamlaka.

Katika Shinyanga fikra hiyo ilikuja na shoka. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 watemi waliwatoa watu wao kwa maelfu kufyeka mapori ili mbung'o akose kivuli. Sisemi hatari haikuwapo. Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ulizuka Maswa mwaka 1922, na nagana, ndugu yake wa mifugo, iliua ng'ombe, na kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, akiba na heshima. Ufyekaji uliokoa maisha na mifugo. Baada ya hapo, hata hivyo, pori lenyewe likaanza kuhesabiwa kuwa alama ya kubaki nyuma, na ardhi tupu yenye pamba ikawa alama ya kuendelea. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulitaka kupunguza mifugo, kulazimisha matuta na kuhamishia watu Geita, ambako pori la mbung'o lilikuwa bado nene.

Geita iliipa serikali jibu lake mwaka 1958. Watawala walileta halmashauri ya wilaya iliyochanganya Waafrika, Waasia na Wazungu, ingawa Waafrika ndio waliokuwa karibu watu wote wa wilaya. Nyuma ya mpango huo ilikuwapo hoja ile ile ya ngazi: hawajafika, wasaidiwe na waliofika. Watu wa Geita waliandamana, wengi wakaenda hadi Mwanza kupinga, na serikali ikaacha kulazimisha halmashauri za namna hiyo.

Uhuru haukuivunja ngazi mara moja. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba ujamaa wa Afrika hauhitaji kupitia hatua zilizopitiwa na Ulaya, wala vita vya matabaka. Mimi naliona hilo kuwa pigo moja la maana zaidi lililopigwa nadharia ya barabara moja katika bara hili. Lakini uhamishaji wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970 uliwatenga Wasukuma wengi na ngitili zao. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumue, kisha hufunguliwa kiangazi ng'ombe wakiwa hawana kitu. Kila familia au kijiji kilikuwa na yake. Watu walipohamishwa, ngitili zikaachwa kama mambo ya kale.

Katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa. Wanawake walitembea masaa kutafuta kuni, na samadi ikachomwa jikoni badala ya kwenda shambani. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Baada ya kujaribu kupanda miti kwa vitalu, wahusika waligundua kwamba dawa ilikuwa katika kumbukumbu za wazee: fungeni eneo, mizizi iliyobaki ardhini itachipua yenyewe. Mwanzoni zilikuwapo takriban hekta 600 tu za ngitili zilizoandikwa. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kitu kilichohesabiwa kuwa ngazi ya chini ndicho kilichoirudisha ardhi, kwa sababu kilitokana na ardhi hiyo.

Ukishuka Geita hadi ziwani unakuta ushahidi mwingine. Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na humo wakazuka samaki waitwao furu, wa spishi kama 500: wa kukwangua mwani, wa kuvunja konokono, wa kula samaki wenzao, hata wa kula mayai na vifaranga kutoka kinywani mwa mama. Vinasaba vinaonyesha kwamba mababu wao walitokana na mchanganyiko wa koo mbili, za upande wa Kongo na za upande wa Nile. Kuwachora kwa ngazi haiwezekani. Ni kichaka chenye matawi yanayogusana, na sangara aliyeletwa katika miaka ya 1950 na 1960 alikwisha kukata mengi ya matawi hayo watafiti wa Ghuba ya Mwanza walipokuwa bado wanayahesabu.

Binadamu naye ni hivyo hivyo. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey Olduvai tarehe 17 Julai 1959 lilipokelewa kama babu yetu wa moja kwa moja. Miaka mitano baadaye akatangazwa Homo habilis, kutoka bonde hilo hilo na karibu wakati ule ule. Waliishi pamoja, tawi na tawi, na la Zinjanthropus likaisha bila kuacha mtoto. Bado ile picha ya sokwe anayeinuka hatua kwa hatua hadi kuwa mtu imebaki katika vichwa vyetu.

Neno letu wenyewe, maendeleo, halitulazimishi kuiamini. Kuendelea ni kuwa bado unakwenda; halisemi kupanda, wala halisemi nani yuko mbele.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Biolojia na Historia wa Shinyanga na Geita. Mnapofika kwenye somo la mageuko, msianzie kwa nondo wa Uingereza na ndege wa Galapagos peke yao. Anzeni na furu, ambao wavuvi wa Nkome wanawajua. Wapelekeni wanafunzi kwenye ngitili wakahesabu miti iliyochipua. Wasimulieni jaribio la Old Shinyanga hadi mwisho wake, mpaka pale mbung'o mgeni alipokufa kwa ukame.