Dola Mia za Sega

Mei 1995, kwenye maonyesho ya Los Angeles, Sega walitangaza mashine yao mpya ya gemu, Saturn: dola 399, na tayari ipo madukani. Siku hiyohiyo Steve Race wa Sony akapanda jukwaani, akatamka "299", akashuka zake. Ukumbi ukashangilia.

Basi watu husema dola mia ndizo zilizoiua Saturn. Mimi nakataa kidogo. Sega waliishusha hadi 299 mwaka huohuo, wapi! Na Nintendo 64 iliingia Marekani mwaka 1996 kwa dola 199, nayo PlayStation ikaiacha mbali. Kaseti zake zilikuwa ghali kutengeneza. Sidii za Sony rahisi, watunzi wa gemu wakahamia huko. PlayStation zikauzwa zaidi ya milioni 100. Saturn hazikufika hata milioni 10.