Fedha Ndogo za Kisiwa cha Mafia

Mtu asemapo leo, "Sina hela," huenda hajui kwamba anatamka neno la Kijerumani. Na asemapo, "Sina pesa," anatamka neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi. Maneno haya mawili yalikuwa majina ya sarafu, tena sarafu za chini, ambazo maskini aliweza kuzishika kila siku. Rupia, iliyokuwa bwana wa zote mbili, imebaki katika masimulizi ya wazee. Bali watumishi wake wangali wakitajwa sokoni kila asubuhi.

Nalikumbuka jambo hili kila nionapo jinsi watu wa nchi nyingi wanavyopenda kukusanya sarafu ndogo zilizokwisha kazi. Wengi hudhani ya kuwa kazi hiyo ni ya matajiri, nao hutafuta dhahabu. Sivyo. Mtu wa Mafia aweza kuwa na sarafu za serikali nne katika kikopo kimoja, wala asitumie fedha nyingi. Na iko ya tano, ambayo nitaieleza mbele, maana hiyo haifai kutiwa kikoponi.

Tuanze na zilizo karibu. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966, na sarafu zetu za kwanza zina mwaka huohuo. Senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja Mwenge wa Uhuru. Lakini ndogo kuliko zote, senti 5, yenye pembe 12 ukingoni, ilichorwa sulisuli, samaki yule wa tanga mgongoni. Sidhani kama wavuvi wetu waliulizwa, ila hapana picha iliyowafaa zaidi. Senti hizo hazipokelewi tena madukani, na nyingi zimelala katika masanduku ya bibi zetu.

Kabla ya hizo zilikuwako senti za Waingereza, zilizotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki tangu shilingi ilipoingia mwaka 1921. Senti moja, tano na kumi zilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu zikilizunguka, hata mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga katika uzi. Tundu hilo lilileta jambo la ajabu. Mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza muda usiotimia mwaka, akajiuzulu mwezi wa Desemba. Kwao sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa zitumike. Lakini sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura ya mfalme. Yatosha taji na jina. Basi senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 ziliandikwa jina lake, zikaja huku kwetu, zikanunua ndizi na mihogo. Mfalme ambaye watu wake hawakumwona katika fedha zao alisomwa na wachuuzi wa Afrika Mashariki. Mwenye senti ya tundu na aitazame vema mwaka wake.

Wajerumani waliipata Mafia kwa mapatano yao na Waingereza ya mwaka 1890. Mwaka huohuo Sharika yao ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa ya shaba: upande mmoja tai na jina la Kijerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Yafaa tuutazame upande huo wa pili. Wageni wale walijua ya kuwa watu wa pwani ni wasomaji, nao husoma herufi za Kiarabu. Kwa hiyo hata pesa moja, ambayo 64 zake zilifanya rupia moja, ilibidi ijieleze kwa herufi za wenyeji. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa ya heller 100, na hapo ndipo tulipoipata hela. Katika heller haimo tena herufi ya Kiarabu hata moja. Mkusanyaji hutafuta herufi ndogo iliyo juu yake: A ni ya kiwanda cha Berlin, J ni ya Hamburg.

Makao ya Wajerumani yalikuwa katika kisiwa kidogo cha Chole hata mwaka 1913, walipohamia Kilindoni. Hawakukaa sana. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, na kutoka hapa ndege zao ziliruka kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika midomo ya Rufiji. Ikaangamizwa mwezi wa Julai. Njia ya bahari ilipozibwa, Wajerumani wa bara walikosa hata sarafu, na mwaka 1916 wakazipiga wenyewe katika karakana ya reli Tabora. Heller 20 za Tabora zaonekana dhahiri kuwa ni kazi ya haraka.

Nyuma ya Wajerumani ilikuwa Zanzibar, iliyoitawala Mafia kabla yao. Pesa ya Sayyid Barghash, yenye mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, ina picha ya mizani.

Sasa nafika kwenye ile ya tano, nayo ndiyo iliyonifanya niandike. Katika ncha ya magharibi ya kisiwa chetu, Ras Kisimani, ulikuwako mji wa kale, na bahari imeula sehemu kubwa. Tarihi ya Kilwa yasimulia ya kuwa Sultani Ali bin al-Hasan alimpa mwanawe Mafia aitawale. Na kweli sarafu za shaba za Kilwa zimeonekana katika magofu ya Kisimani. Ni ndogo, hazina picha, wala hazina mwaka. Upande mmoja lina jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, yakikamilisha kina na lile jina, kama beti ya utenzi iliyogawanywa pande mbili. Kwa kuwa hazina mwaka, mtaalamu hana njia ya kuzijua ila kutazama zilikuwa wapi: katika tabaka gani la udongo, karibu na vigae gani, chini ya ukuta upi. Ukiiokota na kuitia mfukoni, umechukua shaba kidogo na umeacha habari yote ipotee.

Mfano mzuri umetoka mbali. Mwaka 1944 askari wa Australia, Morry Isenberg, aliokota sarafu tisa ufuoni katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi yao. Akazitia katika kibati, akazisahau hata mwaka 1979, alipozipeleka kwa wataalamu wa makumbusho. Nne zilikuwa za Waholanzi, na tano za Kilwa, safari ya kilomita karibu 10,000 kutoka kwetu. Wataalamu wangali wakibishana zilifikaje. Lakini Isenberg alikuwa ametia alama ya msalaba katika ramani, mahali alipoziokota. Na kwa alama hiyo, mwaka 2013, wachunguzi waliweza kwenda kupekua ufuo uleule. Pasipo alama ile zingekuwa shaba tano tu katika kibati.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo pesa ya Barghash, heller na senti ni halali ya mkusanyaji, naye asizisugue kwa majivu wala ndimu, maana herufi huliwa. Bali ya Kilwa si yake. Wimbi likiifunua huko Kisimani, au mvua ikiiosha katika magofu ya Kua kisiwani Juani, asichimbue zaidi. Na aweke alama mahali pale, aandike siku na hatua ngapi kutoka mti au ukuta ulio karibu, kisha amwarifu afisa utamaduni wa wilaya, Kilindoni, mapema kabla maji hayajajaa tena.