Kisangani–Kinshasa kwa mto: siku za maji na siku za bandari

Toka Kisangani mpaka Kinshasa, mto Kongo una kilometa karibu 1.734 bila maporomoko. Bato zinashuka kwa Isangi, Basoko, Bumba, Lisala na Mbandaka. Wakati maji yanapunguka, mchanga unaweza kuzikwamisha siku nyingi.

Wasafiri wengine wanahesabu siku ya bandari kama siku ya kupotea. Lakini ni pale wanapata chikwange, samaki na dawa. Tena baliniere zimekatazwa kutembea usiku. Kulala bandarini kunaokoa maisha.

Hatari ya bandari ni ingine: kila kituo kinaongeza watu na mizigo. Mbele ya kupanda tena, tazama ubavu wa bato. Kama maji yanakaribia ukingo, ngojea ingine. Na jile ivaliwe, isikaliwe kama mto wa kulalia.