Mguu Ukiitwa Kazini: Tarehe ya Bendi ya Mtu Mmoja

Mpiga nyatiti wa Kijaluo hukaa kwenye kigoda kifupi, karibu na ardhi kuliko wasikilizaji wake wote. Ala yake yenye nyuzi nane ameilaza mbele yake. Nyuzi nne ni za mkono huu, nne za mkono ule. Mdomo umeshikwa na wimbo. Ungedhani mwili umekwisha kugawanywa, hakuna kiungo kilichobaki bila kazi. Sasa tazama mguu wa kulia. Kwenye kidole gumba kuna pete nene ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa ala ileile, na mguuni zimefungwa gara, njuga zinazolia kila anapoutikisa. Nyuzi, chuma, njuga na sauti ya mtu, vyote kutoka kigoda kimoja. Aliye nje ya ua asiyeona kitu huhesabu watu watatu au wanne.

Tarehe ya wanamuziki wanaopiga ala kadhaa kwa wakati mmoja huandikwa mara nyingi kana kwamba ni ya Ulaya na Marekani tu. Huko kweli imeacha kumbukumbu nyingi, na sehemu kubwa ya habari hii itapita huko. Ila msomaji aiweke akilini pete ile ya chuma, maana kila tutakapofika tutakuta mambo yaleyale: mikono imejaa, mdomo umejaa, mguu unaitwa.

Katika Ulaya, picha za kale za kazi hii ni za karne ya 13. Zinamwonyesha mtu mwenye filimbi mkono mmoja na ngoma ndogo ikining'inia mkononi humohumo, huku mkono wa pili ukishika kijiti cha kuipigia. Siri yote ilikuwa katika filimbi. Ilitobolewa matundu matatu tu: mawili juu, na moja chini kwa ajili ya kidole gumba. Kwa kuwa bomba lake lilikuwa jembamba, mpigaji alipoongeza nguvu ya pumzi sauti iliruka juu, na kwa matundu hayo matatu akapata ngazi nzima ya muziki. Hivyo mtu mmoja akatosha kuchezesha kijiji kizima. Waliogharamia sherehe waliipenda hesabu hiyo: mlo mmoja na ujira mmoja. Wabaski wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa bado wanayo filimbi yao, txistu, na watu wa Provence, kusini mwa Ufaransa, wanayo galoubet inayokwenda na ngoma ndefu.

Mwaka 1600 William Kemp, mwigizaji mchekeshaji aliyewahi kuwa katika kundi moja na Shakespeare, alicheza ngoma njia nzima kutoka London hadi Norwich, mwendo unaozidi maili 100. Alicheza kwa siku tisa, na kwa mapumziko ya katikati safari ikachukua karibu mwezi. Kemp aliandika kitabu kuhusu safari hiyo na jina lake likabaki. Mtu aliyekwenda naye akipuliza filimbi na kupiga ngoma aliitwa Thomas Slye. Anaonekana katika picha ya jalada, nyuma ya Kemp, vyombo vyake viwili mikononi. Anastahili kutajwa kwa heshima: bila pumzi yake Kemp angekuwa mtu anayerukaruka barabarani kimyakimya.

Katikati ya karne ya 19, Henry Mayhew aliyezunguka London akiandika habari za mafukara alimweleza kipofu mmoja aliyepata riziki barabarani kwa kengele, fidla na kodiani.

Mtu aliyeifikisha kazi hii mbali kabisa ni Jesse Fuller. Alizaliwa mwaka 1896 Jonesboro, katika jimbo la Georgia, Marekani. Mama yake alimtoa kwa watu wengine wamlee, nao wakamtesa, naye akatoroka angali mtoto. Akafanya kila kazi ambayo kijana mweusi wa Kusini aliweza kuipata, kisha akahamia California. Huko Hollywood alisugua viatu, na mwaka 1924 akaonekana kama mmoja wa watu wa pembeni katika filamu ya The Thief of Bagdad. Baadaye akafanya kazi katika reli, Oakland. Gitaa alikuwa nalo miaka yote hiyo, lakini alikuwa amekaribia umri wa miaka 55 alipoamua kwamba muziki ndio utakaokuwa kazi yake.

Kizuizi kilikuwa wenzake. Fuller hakupata wanamuziki wa kutegemewa, wa kufika kwa wakati na kukaa. Basi akaingia karakana. Alitengeneza sanduku lenye umbo la sehemu ya juu ya besi kubwa ya kusimama, akalivika nyuzi sita nene za piano, na chini akaweka pedali za kuendesha nyundo zilizozigonga nyuzi hizo. Mguu wa kulia ukawa mpiga besi. Chombo hicho kikaitwa fotdella, jina lililotokana na neno la utani alilobuni mkewe. Mguu wa kushoto ulikanyaga matoazi au ulichezesha ubao wa kufulia wa mabati. Mikono ilikuwa kwenye gitaa la nyuzi 12. Shingoni alivaa fremu iliyoshika hamonika, kile kinanda cha mdomo, pamoja na kazuu, kijibomba kinachoifanya sauti ya mwimbaji ivume kama tarumbeta ya mbali.

Ukisikiliza rekodi zake leo, kinachoshangaza ni utulivu. Mtu anayeendesha vyombo vingi namna hiyo ungemtarajia ahangaike; Fuller anatembea. Besi inatangulia nusu hatua, gitaa linaifuata, hamonika inaingia palepale sauti inapopumzika. Mwaka 1954 alirekodi San Francisco Bay Blues, wimbo ambao umeimbwa na wengi tangu hapo, akiwemo Eric Clapton mwaka 1992. Kijana Bob Dylan alimtazama na kujifunza kwake, na albamu yake ya kwanza ya mwaka 1962 ikafunguliwa kwa wimbo wa Fuller. Mzee huyo alifariki Oakland mwaka 1976.

Hakuwa peke yake Marekani. Huko Memphis alikuwepo Joe Hill Louis, aliyepiga gitaa, hamonika na ngoma pamoja, akasikika redioni na kurekodiwa na kampuni ya Columbia mwaka 1949. Umaarufu haukumlisha. Mwaka 1957 alikuwa akifanya vibarua vya mkono alipojikata kidole gumba. Pepopunda ikaingia na kumuua akiwa na miaka 35. Isaiah Ross, aliyejulikana kama Doctor Ross, alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha General Motors mjini Flint huku akiendelea kupiga gitaa, hamonika na ngoma ya mguu. Na milimani West Virginia, Hasil Adkins alipokuwa mtoto alimsikia Hank Williams redioni akaamini kwamba mwimbaji huyo ndiye anayepiga kila chombo kinachosikika. Akaanza kujifunza kufanya vivyo hivyo, na hakuacha hadi alipofariki mwaka 2005. Kwangu hakuna kisa kizuri kuliko hiki katika tarehe nzima: kosa la mtoto lililozaa kazi ya maisha.

Uingereza ilimpata Don Partridge, aliyebeba ngoma mgongoni na kuipiga kwa kamba iliyofungwa mguuni. Mwaka 1968 alitoka barabarani moja kwa moja hadi kwenye orodha ya nyimbo zilizouzwa sana, kwa wimbo wake Rosie.

Afrika Mashariki mambo yalikwenda kinyume. Wakati Fuller alipokuwa akiikusanya bendi ndani ya mwili mmoja, Wajaluo waliutawanya mwili mmoja uwe bendi. Muziki wa benga ulipozaliwa, magitaa yalichukua mapigo ya nyuzi za nyatiti, na kazi za mtu wa kigodani zikagawiwa vijana kadhaa wenye vyombo vya umeme. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, alikuwa miongoni mwa walioifikisha benga kila kona ya kanda hii. Nyatiti yenyewe haikufa. Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, aliipiga kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London kabla ya albamu yake En Mana Kuoyo kutoka mwaka 1993. Abiria waliompita asubuhi walipewa kitu ambacho Slye na yule kipofu wa London wangekitambua mara moja.

Baadaye bendi ikarudi tena ndani ya mtu mmoja, safari hii katika baa za Nairobi na Kenya ya kati. Mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya gari la moshi, ni muziki ambao wachezaji hujipanga mstari wakishikana kama mabehewa. Mwimbaji wake huitwa "one man guitar", na Mike Rua ni kati ya waliolijaza jina hilo uzito. Anaweza kuushika ukumbi usiku kucha kwa gitaa na sauti yake. Ngoma, hata hivyo, mara nyingi hutoka kwenye mashine, na mguu umepewa likizo. Wachezaji hawalalamiki. Mwandishi wa tarehe hii analalamika kidogo, kwa sababu mashine haichoki, na uchovu wa mpigaji alfajiri ni sehemu ya mapigo.

Kusini zaidi, Nkhata Bay kwenye Ziwa Malawi, Gasper Nali hupiga babatoni aliyoitengeneza mwenyewe: besi ya waya mmoja yenye urefu wa mita tatu hivi. Mkono mmoja unaigonga kwa kijiti, wa pili unatelezesha chupa ya bia juu ya waya kutafuta sauti. Anaimba. Na chini, mbele ya mguu wake, ipo ngoma ya ngozi ya ng'ombe, na mguu unaipiga tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho.