Picha ya 3D ya ndani ya nyumba: namna inavyotengenezwa, na namna ya kujua kama inasema kweli

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, mtu anayetaka kujenga anaonyeshwa siku hizi picha kabla ya tofali la kwanza. Iko ku simu: saloni kubwa, karo zinang'aa, rido nyeupe, jua linaingia dirishani mpaka katikati ya chumba. Nyumba yenyewe haijajengwa. Picha imetoka ku kompyuta, na watu wanaiita tu « trwa de ». Juu ya picha hiyo mwenye parseli anakubali devi, anatoa avansi, ao anaituma kwa ndugu aliye ng'ambo ili naye atume feza.

Picha ya namna hiyo inaweza kusaidia sana. Inaonyesha chumba chenye giza kabla ya simenti kununuliwa, mlango unaogonga kitanda, dirisha lililowekwa upande mbaya. Lakini inaweza pia kudanganya, hata kama aliyeitengeneza hakukusudia kudanganya mtu. Tofauti inatoka kwanza ku mambo mawili: vipimo na mwanga.

Kazi inaanza ku plani

Mwenye kutengeneza picha haanzi na uzuri. Anaanza na plani yenye vipimo: urefu wa kuta, unene wao, kimo cha plafo, upana wa milango, kimo cha madirisha toka chini. Anajenga vyote ndani ya kompyuta kwa mita na sentimita, sawa masoni anavyofanya ku parseli. Kisha kila kitu kinapewa sura yake: ukuta wa plasta, mbao, karo, kitambaa cha fotei. Kompyuta inaambiwa rangi ya kitu, kama ni laini ao kinakwaruza, na kama kinang'aa. Baada ya hapo mwanga unawekwa, na mwisho kamera.

Hapo ndipo udanganyifu wa kwanza unaweza kuingia. Fotei na vitanda vingi havichorwi upya, vinachukuliwa vikiwa tayari ku intaneti, na kimo chao kinaweza kubadilishwa kwa kuvuta tu. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kitanda cha mita 1,40 kwa 1,90 kinabakiza sentimita 80 kila upande kama kitanda kiko katikati ya ukuta wa mita 3. Kitanda kikipunguzwa kidogo tu, chumba kinaonekana kikubwa, na mwenye nyumba atagundua siku ya kuingiza kitanda cha kweli. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuangalia mlango. Mlango wa kawaida una kimo cha mita 2 na kidogo. Kama fotei ya watu watatu inaonekana na upana mdogo sana kuliko kimo cha mlango ulio karibu nayo, hiyo inafaa kuulizwa.

Kompyuta inafuata mwanga

Mwanga ukiingia dirishani hausimami mahali unapogusa. Unagonga karo, unaruka ku ukuta, unaruka tena ku plafo, na kila mara unapoteza nguvu na kubeba rangi kidogo ya kitu ulichogusa. Ndiyo maana chumba chenye dirisha moja hakina giza kabisa ku kona zake, na ukuta mweupe ulio karibu na rido nyekundu unaonekana na wekundu kidogo.

Mu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitengeneza sanduku la kweli lenye kuta za rangi mbalimbali, wakalinganisha sanduku hilo na picha yake iliyotoka ku kompyuta. Walitaka kuona kama hesabu zao zinafuata mwanga namna unavyoruka kweli. Mu mwaka 1986, James Kajiya alitoa hesabu moja inayokusanya miruko hiyo yote, na programu nyingi za leo zinafuata msingi huo. Kompyuta inatuma mistari toka ku kamera kuingia chumbani, inafuata kila mustari ukigonga huku na huku mpaka ufike ku jua, mbinguni ao ku taa. Mistari ikiwa michache, picha inajaa vidoto kama mchanga. Ikiwa mingi, picha inatulia, lakini kazi inaweza kuchukua usiku mzima.

Jua la Colorado ndani ya nyumba ya Goma

Programu nyingi zinaweza kuweka jua mahali pake pa kweli, kama zimeambiwa mahali nyumba iliko, mwezi na saa. Shida inakuja mtu asipoziambia. Programu ya SketchUp, inayotumiwa sana na wachoraji wa nyumba, ilizaliwa Boulder, mji wa Colorado, Marekani. Matoleo yake mengi, yakifunguliwa bila kutaja mahali, yanahesabu jua la Boulder.

Jua la Boulder si jua la Goma. Boulder iko degre 40 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa 12, saa sita za mchana, jua la kule liko chini, kama degre 26 tu juu ya usawa wa ardhi. Kama dirisha linaangalia kusini na sehemu yake ya juu iko ku mita 2,10, jua hilo linaingia chumbani zaidi ya mita 4. Goma iko karibu degre 1,7 kusini mwa ikweta. Mwezi huohuo na saa hiyohiyo, jua la Goma liko ku degre 68, karibu ya utosi. Ku dirisha la namna ileile linaingia kama sentimita 80 tu, na kama bati imetoka nje ya ukuta vizuri, linaweza kuishia mulangoni pa dirisha. Mwezi wa 6 ni tofauti zaidi: saa sita za mchana jua la Goma liko upande wa kaskazini, wakati Boulder liko kusini mwaka mzima.

Kwa hiyo ile picha nzuri yenye jua refu linalolala ku karo saa sita za mchana, huenda nyumba ya Goma haitaliona hata siku moja. Hali ni ileile kwa Bukavu, iliyo degre 2,5 kusini, Bunia, degre 1,6 kaskazini, na Beni, nusu degre kaskazini.

Ubaya si kukosa uzuri tu. Karibu na ikweta, jua linaloingia ndani sana ni la asubuhi, upande wa mashariki, na la alasiri, upande wa magharibi. Mwezi wa 3 na wa 9, saa kumi za alasiri, jua liko karibu ku degre 30, na dirisha linaloangalia magharibi linaliingiza zaidi ya mita 3. Saloni yenye kioo kikubwa upande huo itapata joto na mwanga wa kuumiza macho wakati familia inarudi nyumbani. Picha iliyowekewa jua la kweli inaonyesha jambo hilo mapema, wakati dirisha linaweza bado kuhamishwa kwa kalamu. Nyumba ikiisha kujengwa, kuhamisha dirisha ni kuvunja ukuta.

Ukuta mweusi unameza mwanga

Goma na pembeni yake, watu wengi wanajenga na jiwe jeusi la volkano. Jiwe hilo likiachwa wazi ndani ya nyumba linapendeza, lakini linarudisha mwanga kidogo sana, wakati ukuta uliopakwa rangi nyeupe unarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupata. Kuta mbili za jiwe jeusi na dirisha dogo zinafanya chumba cha kuwasha taa mchana.

Aliyezoea kazi hii hafichi jambo hilo. Lakini kuna njia ya kulificha: kutia taa zisizoonekana ndani ya picha, nyuma ya kamera ao juu ya plafo, ili kila kona ing'ae. Dalili yake ni kivuli. Kama chumba kizima kina mwanga sawasawa na viti havina kivuli chenye mwelekeo, mwanga huo hautoki dirishani. Kwa picha ya usiku, swali ni rahisi zaidi: ampulu ziko wapi, na ni ngapi? Ampulu moja ya LED ya wati 9 inatoa lumeni kama 800. Hiyo moja haiwezi kuangaza saloni kama hoteli. Na siku umeme ukikatika, familia itabaki na taa ndogo ya sola, ambayo hakuna picha inayoionyesha.

Kinachotia uhai

Picha nyingine ina vipimo sawasawa na jua la kweli, lakini bado inaonekana kama imekufa. Mara nyingi ni juu kila kitu ni kamilifu mno. Kona za meza ya kweli hazikati kama wembe, zimelainishwa kidogo, na hapo ndipo mwanga unashika mustari mwembamba. Karo za kweli hazifanani zote. Rido ina mikunjo, na mto wa fotei umebonyea mahali mtu alikaa. Hata rangi nyeupe, ndani ya kompyuta haifai kuwa nyeupe kabisa, kwa sababu hakuna ukuta duniani unaorudisha mwanga wote.

Uhai unatoka pia ku vitu vya watu. Saloni yenye vitabu vya Kizungu visivyosomwa na mtu na ua la plastiki ni saloni ya popote. Saloni yenye termosi mezani, viatu karibu na mlango, ndoo ya maji pembeni ya jiko, mwenye nyumba anaitambua. Tena, vitu hivyo vinaleta maswali ya maana: ndoo na bidoni zitakaa wapi? Makaa yatawekwa wapi? Mara nyingi plani haikufikiria.

Kampuni ya IKEA ya Sweden, inayouza vyombo vya nyumbani, iliweka kiti cha kwanza cha kompyuta ndani ya katalogi yake mwaka 2006. Kufikia 2014, karibu robo tatu ya picha zake za bidhaa zilikuwa za kompyuta, na wanunuzi hawakutofautisha. Kampuni hiyo ilifundisha wapiga picha wake kazi ya 3D, na watu wa 3D wakafundishwa kupiga picha. Kijana wa Butembo ao Uvira anaweza kujifunza namna hiyohiyo bila feza: apige picha chumba chake na simu saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi, kisha ajaribu kukitengeneza ndani ya kompyuta mpaka vivuli vifanane.

Kamera inayopanua chumba

Ndani ya kompyuta, kamera inaweza kusimama popote, hata nyuma ya ukuta. Mchoraji anaondoa ukuta mmoja, anarudi nyuma mita mbili, chumba kinaonekana chote. Inaruhusiwa, lakini hakuna mtu atakayesimama pale kamera iliposimama. Tena kuna lensi pana sana, inayovuta vitu vya pembeni na kufanya chumba cha mita 3 kionekane kama ukumbi. Dalili ni fotei ya pembeni iliyorefuka ao meza ya duara iliyogeuka yai. Kamera ya haki inakaa kimo cha macho ya mtu, aliyekaa ao aliyesimama, na mistari ya kuta inasimama wima.

Programu na kompyuta

Kikwazo kikubwa cha vijana ni bei. Blender inasaidia hapo: ni programu ya bure, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2002 baada ya watumiaji kuchanga euro 100 000 ili kuikomboa. Tangu 2011 iko na sehemu inayoitwa Cycles, inayofuata mwanga kwa njia iliyoelezwa hapo juu, na tangu 2017 iko na kifaa cha kufuta vidoto, kwa hiyo hata mashine ya nguvu kidogo inaweza kutoa picha safi kwa muda mfupi zaidi. Ikiisha kupakuliwa, inafanya kazi bila intaneti. Wenye shida ya umeme wanajaribu kwanza na picha ndogo, robo ya ukubwa, wanasahihisha mwanga, na kuacha picha kubwa kwa saa ambazo umeme unadumu.

Maswali ya mwenye nyumba

Kabla ya kutoa avansi, inafaa kuuliza mambo machache. Kaskazini iko wapi ndani ya picha hii? Ni mwezi gani na saa ngapi? Programu iliambiwa mji gani? Chumba kina mita ngapi, na kitanda je? Karo hizi na mbao hizi zinapatikana ku soko, na ziko ndani ya devi? Mchoraji mzuri anajibu bila hasira, na anaweza kutoa picha mbili za chumba kimoja: moja ya jua, nyingine ya siku ya mawingu.

Kuna pia yale ambayo picha haiwezi kujibu hata ikiwa ya kweli. Haionyeshi unene wa nondo, kina cha msingi, wala simenti ngapi imetiwa ndani ya beto. Tetemeko la mwezi wa 2 mwaka 2008 Bukavu na pembeni yake lilibomoa kuta, na hakuna picha ya saloni ingeonyesha mapema ni ukuta gani utaanguka. Kwa hayo, mwenye nyumba anahitaji plani ya enjenia, na mtu wa kusimamia masoni ku parseli.